"Huyo wako anachoka?" Modeli za kompyuta na swali la zana

Ukishuka Igoma stendi ukapandisha kuelekea kwenye miamba, utasikia kabla ya kuona: ko, ko, ko. Hizo ni kokoto zinapondwa. Mama yangu mdogo yuko kwenye kazi hiyo tangu mimi sijaanza shule. Vijana wanakoka moto juu ya mwamba mpaka upate ufa, wanaubandua kwa mtaimbo na nyundo kubwa, halafu vipande vinashushwa kwa akina mama walioketi chini na nyundo ndogo. Kokoto zinauzwa kwa ndoo au kwa lori. Ukipita pale kwa haraka utasema ni kazi ya nguvu tu, haina mambo mengi.

Likizo ya Desemba nilimpelekea chakula cha mchana, nikabeba na kompyuta yangu. Nilitaka aone programu niliyokuwa nimeiandika. Kwenye skrini kuna nukta moja inayotangatanga kwenye uwanja wa miraba. Ikikanyaga mraba wenye mawe, inajaza mfuko. Kila hatua inatumia jiwe moja na kuliacha chini. Haina inakokwenda, haikumbuki ilikotoka, haichagui jiwe. Nikamweleza kwamba nukta hii ni mtu wa kale, na ikitembea muda mrefu inaacha mawe kwa mpangilio unaofanana na ule ambao wataalamu wanaukuta wakichimba ardhini.

Akaitazama kidogo, akauliza: "Huyo wako anachoka?"

"Hapana, mamdogo. Hachoki."

"Na vidole havimuumi?"

"Hana vidole."

"Haya," akasema, akarudi kwenye nyundo yake.

Nilicheka siku ile, lakini swali lake limenifuata mpaka leo. Kila ninaposoma makala inayodai kwamba kompyuta imeeleza jinsi sokwe, mtu wa kale au roboti anavyotumia zana, najikuta nauliza vilevile: huyo wako anachoka? Yaani, kipi kigumu katika kazi hii ambacho mwandishi wa modeli amempa wakala wake bure? Hebu tuzipitie modeli kadhaa kwa swali hilo.

Mtembezi asiye na mpango

Programu niliyomwonyesha mamdogo si ubunifu wangu. Ni nakala ndogo ya modeli aliyoichapisha Jeffrey Brantingham mwaka 2003 katika jarida la American Antiquity. Kabla yake, mwanaakiolojia akikuta mawe mengi karibu na chanzo chake na machache mbali, alikuwa na maelezo tayari: watu hawa walipanga safari, walipima gharama, walijua thamani ya kila jiwe. Brantingham akauliza, je, mtu asiyepanga chochote angeacha nini? Akatengeneza mtembezi anayekwenda kwa nasibu, katika dunia ambayo vyanzo vyote vya mawe viko sawa kwa ubora. Matokeo yake yakafanana kwa kiasi kikubwa na yale tuliyozoea kuyaita ushahidi wa mipango: mengi karibu, machache mbali, na mfuko wenye mchanganyiko wa mawe ya sehemu tofauti.

Mwaka 2023, Jonathan Reeves na wenzake Tomos Proffitt, Katarina Almeida-Warren na Lydia Luncz walisogeza wazo hilo mbele katika Journal of Human Evolution. Wakala wao wanafanana na sokwe wa Afrika Magharibi, wale wanaopasua karanga ngumu za mwituni kwa mawe. Wanabeba jiwe mwendo mfupi, wanapasua, wanaliacha, na mwingine anakuja kulikuta hapo na kulisogeza tena. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kulipeleka jiwe mbali. Lakini safari fupi zikirundikana, jiwe linafika mbali na nyumbani kwake, na ramani ya mawe inaanza kufanana na ile ya zana za kale tunazoziita za Olduvai.

Hii ni kazi nzuri, na nasema hivyo bila kinyongo. Imetuvua uvivu mmoja mbaya. Mary Leakey alipolipata lile fuvu maarufu la Olduvai mwaka 1959, palepale penye zana za mawe, mwanzoni alidhaniwa kuwa huyo ndiye fundi. Halafu vikapatikana visukuku vya kiumbe mwenye ubongo mkubwa zaidi, na mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier wakampa jina la Homo habilis, yaani mtu stadi, na ufundi wote ukahamia kwake. Mwenye kichwa kikubwa akapewa nyundo. Mwaka 2023 swali likafufuka upya, tena huku kwetu ziwani: Nyayanga, katika rasi ya Homa upande wa Kenya, timu ya Thomas Plummer ilitangaza zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 iliyopita, pamoja na mifupa ya viboko iliyochinjwa. Ziwa Victoria lenyewe lilikuwa bado halijazaliwa. Na meno waliyoyakuta hapo yalikuwa ya Paranthropus, ndugu wa lile fuvu la 1959 lililonyang'anywa zana zake. Modeli isiyodai ubongo mkubwa inatusaidia tusigawe vyeti vya ufundi kwa kuangalia ukubwa wa kichwa.

Shida inaanza pale modeli inaposomwa kwa pupa. Brantingham alisema wazi kwamba mtembezi wake ni msingi wa kupimia. Kama data yako inafanana na ya mtembezi, basi data hiyo peke yake haitoshi kudai kwamba kulikuwa na mpango. Hajasema mpango haukuwepo. Lakini fuatilia wanavyomnukuu watu, hata kwenye semina zetu, utasikia "imeonyeshwa kwamba hawakuhitaji kupanga." Kutoka "haithibitishi" mpaka "hakuhitaji" ni hatua ndogo mdomoni, ila kwenye hoja ni shimo.

Mchukulie mamdogo. Tuseme mtu anakuja Igoma baada ya miaka milioni 2, anakuta chungu ya mawe yaliyovunjika. Ndani yake kuna vibanzi vyembamba vyenye makali, ambavyo kwa macho ya mwanaakiolojia ndivyo hasa vinavyoitwa zana. Kwa mamdogo hivyo ni takataka, vinakata miguu ya watoto. Anachokitaka ni kokoto yenyewe. Na kifaa anachokithamini kuliko vyote ni kipande cha mpira wa tairi alichokizungusha kama kata ya kubebea ndoo: jiwe linakaa katikati, nyundo inashuka, jiwe haliruki, kidole kinapona. Mpira ule utakuwa umeshaoza. Mtafiti wetu ataandika kwamba hapa palikuwa na kiumbe anayegonga mawe bila kuchagua, ataandaa modeli ya mgongaji wa nasibu, na itakubaliana na chungu ile vizuri sana.

Sisemi hivi kwa utani. Tomos Proffitt na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba tumbili aina ya kapuchini katika hifadhi ya Serra da Capivara, Brazil, wakigonga jiwe kwa jiwe wanazalisha vibanzi vyenye makali bila kukusudia, na wala hawavitumii. Mwaka 2023 wakaonyesha kwamba makaki wenye mkia mrefu wa Thailand wanafanya vivyo hivyo wakipasua mbegu za michikichi. Somo lililotangazwa ni kwamba kibanzi hakithibitishi fundi. Sawa. Mimi naongeza la pili: kibanzi hakikanushi fundi pia. Igoma kuna kibanzi cha bahati mbaya na fundi wa kweli, wamekaa kwenye chungu moja.

Sokwe wasioigana

Sasa twende Gombe. Mwaka 1960 Jane Goodall alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akiingiza bua la nyasi kwenye kichuguu, akilivuta na kula mchwa walioling'ang'ania. Mahale, kusini zaidi kwenye ziwa lilelile la Tanganyika, ambako Toshisada Nishida wa Kyoto alianza utafiti mwaka 1965, sokwe ni mashuhuri zaidi kwa kuvua sisimizi wa mitini. Tofauti kama hizo ziliorodheshwa mwaka 1999 katika jarida la Nature na Andrew Whiten, Goodall na wenzao: tabia 39 ambazo ziko kwa jamii moja na hazipo kwa nyingine, na ambazo mazingira peke yake hayakutosha kuzieleza. Hitimisho likawa kwamba sokwe wana utamaduni.

Alberto Acerbi, William Snyder na Claudio Tennie wakaja mwaka 2022 na modeli ya kompyuta kuipinga njia hiyo ya kufikia hitimisho. Sokwe wao wa kubuni hawaigi namna ya kufanya jambo. Kila mmoja anagundua tabia mwenyewe, kwa uwezekano unaotegemea mahitaji yake, maumbile yake na vilivyopo porini kwake. Katika moja ya hali walizojaribu, kuona wengine wakifanya kunaongeza tu hamu ya kujaribu. Programu ikaendeshwa, na jamii za kubuni zikatofautiana kama zinavyotofautiana za porini. Kwa hiyo, wanasema, ramani ya tofauti haitoshi kuonyesha kwamba sokwe wanaigana.

Hoja hiyo naikubali, tena bila masharti. Lakini niruhusu niulize swali la mamdogo. Hawa sokwe wamepewa nini bure? Wamepewa ugunduzi wenyewe. Ndani ya programu, kuvua mchwa ni kisanduku kimoja: kipo au hakipo. Kuna namba ya uwezekano, bahati ikiangukia hapo, basi sokwe anajua kuvua. Sehemu yote ya kuchagua bua, kulimenya, kuliingiza kwa kufuata mkunjo wa tundu, kusubiri, kulivuta bila kuwakwangua mchwa ukutani, imekunjwa ikawa alama ya ndiyo.

Na ni ndani ya mkunjo huo ndiko ushahidi mzuri wa Gombe ulipo. Elizabeth Lonsdorf, Lynn Eberly na Anne Pusey waliripoti mwaka 2004 kwamba watoto wa kike wa Gombe wanawaangalia mama zao kwa muda mrefu zaidi wakati wa kuvua mchwa, na wanaanza kufanikiwa takribani miaka miwili kabla ya kaka zao. Hata kina ambacho mabinti wanaingiza bua kinafanana na cha mama zao, na cha wavulana hakifanani. Ukihesabu kwa ndiyo na hapana, binti na kaka yake wote mwishowe ni "ndiyo", tofauti imefutika. Ukihesabu kwa namna, tofauti inakutazama usoni. Tennie anaweza kujibu kwamba hata hilo si lazima liwe kuiga, labda mabinti wanakaa karibu zaidi na kupata nafasi nyingi za kujaribu. Haya, tubishane hapo. Huo ndio ubishi wenye nyama, na modeli iliyokwisha kuukunja haiwezi kutuamulia.

Mkono unaoangusha

Upande wa mashine, mfano unaotajwa kila mahali ni ule wa OpenAI wa mwaka 2019, ambapo wakala wa kwenye skrini walichezeshwa kombolela: wengine wanajificha, wengine wanatafuta, na uwanjani kuna maboksi na ngazi za mteremko. Baada ya mamia ya mamilioni ya michezo, waliojificha walijifunza kuziba milango kwa maboksi, watafutaji wakajifunza kupanda kwa mteremko, wenzao wakajifunza kuuficha mteremko mapema. Kisha watafutaji wakavumbua kitu ambacho waandishi hawakukitegemea: kupanda juu ya boksi na kulifanya liteleze uwanjani huku wamelisimamia.

Watu walilishangilia jambo hilo kama ubunifu, na kwa maana fulani ni ubunifu. Lakini tazama ulitoka wapi. Kwenye dunia ile wakala aliruhusiwa kujisukuma hata akiwa hajakanyaga ardhi. Simama juu ya ndoo ya kokoto pale Igoma, ujaribu kuondoka nayo, halafu uje utuambie. Wakala alijifunza tundu lililoachwa kwenye programu. Hakujifunza uzito, hakujifunza msuguano, na hakuna alichokivunja, kwa sababu boksi lile halivunjiki.

Mwaka huohuo kampuni ileile ilionyesha kitu ninachokiheshimu zaidi: mkono halisi wa roboti uliofundishwa ndani ya kompyuta, kisha ukapewa mchemraba wa Rubik uuzungushe kwa vidole. Ili mkono usizoee dunia moja ya uongo, walibadilisha uzito, msuguano na ukubwa maelfu kwa maelfu ya mara wakati wa mafunzo. Na bado, kwa michanganyiko migumu zaidi, ulifanikiwa mara 20 katika kila 100, na mara nyingi tatizo lilikuwa kuangusha mchemraba. Hesabu ya kuupanga ilifanywa na programu ya kawaida, ilikuwa kazi ya sekunde. Kushika ndiko kulikoshinda. Kwangu matokeo hayo ya 20 kwa 100 yanafundisha zaidi kuliko kombolela nzima, kwa kuwa yanaonyesha ugumu ulikuwa wapi.

Chekeche

Basi modeli hizi tuzitupe? La hasha. Fundi ujenzi yeyote ana chekeche. Anamwaga mchanga, ulio mwembamba unapita, mawe yanabaki juu. Modeli ya nasibu inafanya kazi hiyohiyo: inapitisha kila kinachoweza kutokea bila mpango, ili tuone kilichobaki juu.

Kanjera Kusini, pia rasi ya Homa, ni mfano wa chekeche lililofanya kazi. Kuna zana za takribani miaka milioni 2 iliyopita, na sehemu yake ni mawe yaliyotoka kilomita 10 au zaidi. Kabla ya Reeves na wenzake tungesema umbali huo unatosha. Sasa hautoshi, kwa sababu safari fupi zikirundikana zinaweza kufika huko, kwa hiyo umbali umepita kwenye matundu. Kilichobaki juu ni kwamba mawe yaliyobebwa yalikuwa magumu na yenye kudumu kuliko yale yaliyokuwa yamelala miguuni pao. Mtembezi wa nasibu hachagui, na hawa walichagua. Na hata hapo tusikimbilie kusema "binadamu", maana sokwe wa Taï, Côte d'Ivoire, nao wanatafuta mawe magumu kwa karanga ngumu zaidi. Kilichobaki kwenye chekeche ni ujuzi, mwenyewe akiwa nani.

Kosa ninalolikosoa ni kuutazama mchanga uliopita na kusema hauna thamani. Kilichopita ni kile tu ambacho matundu yetu hayakuweza kukikamata. Matundu hayo tunayatoboa sisi: tukihesabu umbali, uteuzi wa jiwe unapita, tukihesabu ndiyo na hapana, mkono unapita, tukihesabu mawe, mpira wa tairi na bua la David Greybeard vinapita. Ndiyo maana naona kila makala ya modeli ya zana ingepaswa kuwa na aya moja ya uaminifu, inayosema bila kupaka rangi: hiki tumempa wakala bure.

Na huku kwetu kuna mahali pa kulijaribu hilo bila kwenda mbali. Kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, kina sokwe ambao mababu zao hawakuwa wa hapo. Kati ya 1966 na 1969 Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt waliwaachia kisiwani sokwe wachache, chini ya 20, kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Hawakuwa na wazee wa porini wa kuwaonyesha kitu. Wakaishi, wakajenga viota, wakazaa, na wajukuu zao wapo hadi leo. Kama kila tabia imelala ndani ya sokwe ikisubiri mazingira, modeli ya Acerbi iwekewe miti, wadudu na vichuguu vya Rubondo, itoe orodha yake kabla mtu hajakanyaga msituni: tabia gani, kwa wangapi, kwa namna gani. Kisha twende na daftari. Safu ya "namna gani" ndiyo nitakayoisoma kwanza.

Nimalizie na la kwangu. Nilipokuwa naomba kuingia chuo kulikuwa na fomu, na penye kazi ya mlezi niliandika "kibarua, hana ujuzi". Hakuna aliyenilazimisha, niliona wengine wameandika hivyo. Nilikuwa nimekaa miaka karibu na chungu ile ya kokoto na nikasoma matokeo tu, mawe makubwa yamekuwa madogo, basi. Siku ile ya Desemba, baada ya kufunga kompyuta, nilimwomba mamdogo nyundo. Aliniachia mawe matano. Mawili yaliruka, moja lilipasuka vibaya likawa vumbi na vibanzi, na la nne lilinipata kidole gumba. La tano alinishika mkono, akaligeuza jiwe ndani ya mpira mpaka mstari mweusi uliokuwa ubavuni ukaangalia juu, akasema, "Hapo."

Likapasuka vipande vinne vinavyolingana. Mstari ule mimi sikuwa nimeuona. Kwenye programu yangu haupo mpaka leo, na sijui niuandike vipi.